Juu ya Ulingo na Dungu: Mahali pa Kujenga, Mti wa Kuchagua, na Matunzo Yake

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama. Imepigwa chapa hapa kama ilivyosomwa, kwa ajili ya wenzetu walio katika vituo vya mbali.)



Halmashauri ilitutaka tuseme juu ya jambo liwafaalo watu wa kalamu walio na mashamba, nasi tumechagua ulingo. Yamkini wapo watakaocheka wakisema, Makarani na kupanda miti, wapi na wapi? Lakini wengi wetu mshahara haufiki mwisho wa mwezi ila kwa msaada wa mpunga na mahindi, na wale wanaokaribia kustaafu, shamba ndiko waendako. Shamba la pwani au la kusini lisilo na mlinzi ni shamba la nguruwe. Na mlinzi hukaa juu. Tukikosea katika kuchagua mti au kutunza kamba, atakayeanguka ni ndugu yetu, au kijana tuliyemwajiri, au mtoto wetu wenyewe.

Kwanza tupatane juu ya majina. Ulingo ni jukwaa lolote lililoinuliwa juu ya mti au juu ya nguzo, apandapo mtu kulinda ndege au kuvizia mnyama. Dungu, kama lisemwavyo bonde la Rufiji na kusini, ni ulingo wenye paa, mahali pa kulala msimu mzima. Bara Hindi huita machan. Wajerumani huita Hochsitz, nao ukienda kwao utauona kila ukingo wa msitu. Wamarekani, ambao huwinda paa wao kwa wingi kila mwaka majani yakipukutika, wana vya namna nyingi: vya ngazi iegemeayo mti, vya kufungwa kwa mkanda penye shina, na vingine vya chuma ambavyo mtu hupanda navyo mti kidogo kidogo kama jongoo. Na hapa jirani, Nyeri, iko ile hoteli ya Treetops, iliyojengwa kwanza mwaka 1932 juu ya mti wa mugumo, watu wakae wakitazama wanyama wajao kunywa maji. Binti mfalme Elizabeth wa Uingereza alikuwamo usiku ule wa Februari 1952 baba yake alipokufa; na Jim Corbett, yule mwindaji wa simbamarara wa Bara Hindi aliyehamia Kenya mwaka 1947, alikuwapo pia kama mlinzi. Nyumba ile ya kwanza iliteketezwa mwaka 1954 wakati wa vita vya Mau Mau, ikajengwa nyingine mwaka 1957. Twayataja haya ili ionekane ya kuwa kukaa juu ya mti si ushamba.

Sasa yako mambo mawili ambayo watu huyachanganya, na kuchanganya huko huharibu kazi. Mwindaji ataka asionekane, asisikike, wala asinuke. Mlinzi ataka kinyume chake: aonekane, apige debe, awashe taa, ili mnyama ajue kuwa shamba lina mwenyewe. Basi mahali pafaapo mmoja hapamfai mwingine. Ulingo wa mlinzi hukaa palipo wazi, karibu na upande ambao wanyama hutokea, na kutoka juu yake pembe zote za shamba zionekane. Ulingo wa mwindaji hukaa kando ya njia ya mnyama, wala si juu ya njia yenyewe, tena uwe na majani nyuma ya mgongo wa mtu yafute umbo lake. Asiye na majani nyuma yake huonekana angani kama bendera.

Kwa mwindaji, upepo ndio mwamuzi wa kwanza. Nguruwe mwitu haoni vizuri sana, lakini pua yake haina mfano. Upepo ukitoka kwako kwenda kwake, umekwisha kumwambia jina lako. Watu wa pwani twajua pepo zetu: kusi na kaskazi kwa majira yake, na umande utokao bara usiku kuelekea baharini. Lakini bondeni na penye vilima upepo hufanya mambo yake mwenyewe: jioni hewa ikipoa hushuka bondeni kama maji, na asubuhi jua likipasha hupanda. Chukua majivu kidogo katika kitambaa, uyatikise kabla hujapanda na tena ukiwa juu, maana upepo wa chini na wa juu hautembei pamoja siku zote. Wawindaji wa Marekani wenye akili huwa na ulingo miwili au mitatu, kila mmoja kwa upepo wake. Na siku ambayo upepo si wa ulingo ule, hawaendi. Hilo la kutokwenda ndilo gumu kuliko yote, hasa kwa mtu mwenye likizo ya siku nne.

Tuje kwenye mti. Mti uwe hai, mnene, uliosimama wima. Mwanzo wa kuukagua ni chini. Tazama penye mizizi: ukiona uyoga mgumu umeota kama sahani ubavuni mwa shina, moyo wa mti umeanza kuoza hata kama majani ni mabichi. Tazama gamba: likibanduka kwa vipande vikubwa, jihadhari. Tazama juu: matawi makavu kileleni ni habari mbaya, tena tawi kavu huweza kumwangukia aliyekaa chini yake bila upepo wowote. Gonga shina kwa kipini cha shoka, usikilize. Mti mzima hujibu kwa sauti nzito, wenye pango hulia kama ngoma. Na penye pango huenda pana nyuki, au nyoka, nao wana haki ya kwanza. Mbuyu, kwa unene wake, huvutia macho, lakini mti wake ni laini na mibuyu mingi mikubwa ina uwazi ndani. Msufi nao ni mti mwepesi, usiokuwa wa kutumainiwa kwa tawi.

Mti uliokufa usipandwe kabisa. Huko Marekani jambo hili limewafunza watu kwa gharama kubwa. Mwaka 2002 aligunduliwa katika jimbo la Michigan mdudu wa kijani atokaye Asia, atobozaye mti uitwao ash. Na tangu hapo ameua mamilioni kwa mamilioni ya miti hiyo. Ulikuwa mti mzuri wa kufungia ulingo, ulionyoka. Lakini ukisha kufa hukauka upesi na kuvunjika kama biskuti, hata wakata miti wenyewe huogopa kuupanda. Mtu aliyefunga ulingo wake miaka mitatu nyuma katika mti hai, leo akirudi bila kutazama juu, apanda maiti.

Ukijenga juu ya miti miwili au mitatu, kumbuka ya kuwa miti huyumba, na kila mmoja huyumba kwa namna yake. Boriti iliyopigiliwa misumari pande zote mbili huvutwa huku na huku mpaka misumari ing'oke au boriti ipasuke. Funga upande mmoja imara, na upande wa pili uuache ulale juu ya panda ya mti au juu ya gogo lililofungwa, uweze kuteleza kidogo. Tena mti hunenepa. Msumari hauzuii mti kunenepa. Mti huusukuma ubao nje taratibu, mpaka siku moja ubao wakaa kwa ncha tu ya msumari. Kamba au mkanda uliokazwa mwaka jana, mwaka huu umebanwa kama pete katika kidole kilichovimba: umekwisha kunyooka na kupoteza nguvu, na mti nao umejeruhiwa. Kwa hiyo kila msimu ukiisha, fungua. Wenye viwanda vya Marekani huandika hivyo katika karatasi ziuzwazo pamoja na vyombo vyao. Na watu, kama ilivyo desturi ya watu, huzitupa karatasi hizo.

Dungu la nguzo lina adui wengine. Nguzo bora ya pwani ni boriti ya mkoko, ile ile iliyokuwa ikichukuliwa na majahazi hadi Uarabuni kujengea nyumba. Lakini mikoko ni msitu wa hifadhi, haikatwi bila kibali, na mtumishi wa Serikali asiwe wa kwanza kuivunja sheria hiyo. Nguzo yoyote utakayotumia, haiozi juu, wala haiozi upesi chini kabisa. Huoza pale inapoingia ardhini, kiasi cha shibiri moja chini ya uso wa udongo, kwa kuwa pale ndipo unyevu na hewa vinapokutana, na mchwa nao hupita hapo hapo. Ukiitazama kwa macho utaiona nzima. Tumeona madungu ambayo mtu angeweza kuapa juu yake, na nguzo zake zilikuwa zimebaki unene wa mpini wa jembe ndani ya udongo. Dawa ni hii: kila mwaka kabla ya mvua fukua udongo kuzunguka nguzo, chomeka ncha ya kisu. Kikiingia kama katika mkate, badilisha nguzo. Wazee huunguza mwisho wa nguzo kabla ya kuichimbia, na wengine huipaka oili chafu ya gari. Husaidia kidogo, ila hakumwondolei mtu wajibu wa kufukua na kutazama.

Kamba nazo kila moja ina kifo chake. Ya mkonge na ya makumbi huoza kwa unyevu. Ya nailoni haiozi, bali jua huila polepole, ikawa ngumu na yenye vumbi vumbi ukiipitisha mkononi. Nayo panya na kindi huipenda kwa meno. Waya hudumu, lakini hukata gamba la mti na kuuua. Nasi makarani, ambao twaandika tarehe ya kila kopo la wino lililofika bohari, hatuna hata mmoja aliyeandika tarehe ya kamba inayobeba uzito wake. Andikeni kwa rangi juu ya ubao: kamba ya mwezi fulani, mwaka fulani. Wajerumani wamelitia jambo hili katika kanuni zao za kuzuia ajali: ulingo wa mwindaji sharti ukaguliwe kabla ya kutumiwa, na ukaguzi usipungue mara moja kwa mwaka, na usiotumika tena sharti ubomolewe. Hilo la kubomoa twalisifu sana. Ulingo wa kale ulioachwa kando ya shamba ni mtego kwa watoto wachungao mbuzi.

Sasa kupanda na kushuka. Watu hudhani hatari ni kukaa juu usingizi ukamchukua mtu. Hatari hiyo ipo. Lakini aghalabu mtu huanguka akiwa njiani, na hasa pale anapotoka katika ngazi kuingia juu ya jukwaa, mguu mmoja huku na mmoja kule. Kwa hiyo ngazi isiishie sawa na jukwaa; ipite juu yake kimo cha kifua, ili mkono uwe na mahali pa kushika wakati mguu unavuka. Vipago vya ngazi visitegemee misumari pekee. Vichongewe vidato katika miti ya ngazi ndipo vifungwe. Na mtu apandaye awe na viungo vitatu vimeshika wakati wote: mikono miwili na mguu mmoja, au miguu miwili na mkono mmoja.

Hayo hayawezekani kwa mtu aliyeshika panga, tochi, na sufuria ya wali. Mizigo hupandishwa kwa kamba, mtu akisha kukaa. Bunduki vivyo hivyo: itolewe risasi zote kwanza, ifungwe mtutu ukielekea chini, wala isifungwe karibu na kifyatulio. Panga livikwe ala au gunia. Mtu aangukaye na panga kiunoni hana anguko moja, ana mawili.

Huko Marekani siku hizi mwindaji mwenye busara huvaa mikanda ya mwili mzima, ipitayo mabegani, kifuani na mapajani, mfano wa ile ya mafundi wanaofanya kazi juu ya minara. Zamani walifunga mkanda mmoja kiunoni, ukaonekana kuwa mbaya, kwa maana mtu akianguka mkanda humkaba mbavu na kumziba pumzi. Kutoka juu ya mti huteremka kamba hata chini, na juu ya kamba ile kubwa hufungwa kamba nyembamba kwa fundo lijulikanalo kwa jina la Prusik, mpanda milima wa Austria aliyelitangaza mwaka 1931. Kamba nyembamba huzungushwa mara tatu: ukiisukuma kwa mkono yateleza, uzito ukiivuta ghafula yashika palepale. Mikanda hiyo kwetu ni ghali, lakini fundo halina bei. Neno moja tu la kuongeza: mtu aliyening'inia katika mikanda miguu ikiwa mitupu hewani, damu hukwama miguuni, naye huweza kuzimia katika muda mfupi. Basi awe na kitanzi cha kamba mfukoni, akitie mguu na kusimama humo mpaka apate msaada. Na tangu mwanzo awe amemwambia mtu nyumbani ni mti gani aliouendea na saa ya kurudi.

Tumeliacha nyuma neno zito kuliko yote, nalo ni simba.

Mwaka 1968 mto Rufiji ulifurika sana, na baada yake Serikali ikawahamisha watu wa bondeni wakakae katika vijiji vya juu. Vijiji vikawa juu, lakini udongo wa rutuba ulibaki bondeni. Kwa hiyo mkulima huondoka kijijini na jamaa yake, hukaa katika dungu majuma mengi, akilinda mpunga na mahindi dhidi ya nguruwe mpaka avune. Mahali wanapostawi nguruwe, simba huwafuata. Na simba amfuataye nguruwe usiku hufika penye dungu. Kati ya Agosti 2002 na Aprili 2004 simba aliua watu 35 huko Rufiji. Alipouawa alikutwa ni dume kijana, mwenye jipu kubwa chini ya jino la gego. Na mwaka 2005 wataalamu, Craig Packer pamoja na wenzake, miongoni mwao Mtanzania Dennis Ikanda, walitangaza hesabu yao: tangu mwaka 1990 simba walikuwa wamekwisha kuua watu 563 katika Tanzania na kujeruhi zaidi ya 300, walio wengi pande za kusini, na zaidi wakati wa mavuno. Walioliwa si wawindaji. Ni watu waliokuwa wakilinda chakula.

Hesabu ya baadaye, iliyotolewa mwaka 2011, ilionyesha jambo la kutufaa sana katika kuchagua usiku. Mashambulio huzidi katika siku zifuatazo mwezi mpevu, na saa zenyewe ni zile za kwanza baada ya magharibi, kabla mwezi haujachomoza. Sababu yake yaeleweka: usiku wa mbalamwezi simba hushindwa kuwinda kwa kuwa aonekana, hukaa na njaa, kisha mwezi ukianza kuchelewa, apata giza, na watu bado wako nje wakipika na kuteka maji. Wazee wetu waliogopa giza bila kalenda. Sisi tunayo kalenda ukutani ofisini. Katika siku zile kumi baada ya mwezi mpevu, maji yatekwe na chakula kipikwe jua lingali juu, na kila mtu awe amekwisha kupanda kabla ya magharibi.

Wala dungu la kimo cha mtu si kinga. Simba husimama kwa miguu ya nyuma akafika. Sakafu iwe juu ya kimo cha watu wawili na zaidi, ngazi ivutwe juu usiku, na ukuta wa fito uzunguke pande zote, usiwe wa makuti matupu yanayopasuliwa kwa mkono. Penye ndovu, dungu la nguzo nyembamba halina maana. Heri mti mkubwa, au kurudi kijijini. Chandarua kitundikwe pia, kwa maana mbu wa bondeni ameua wengi kuliko simba, ijapokuwa hatumpigii kelele. Na juu ya watoto kulinda usiku, au kuacha shule majuma sita kulinda ndege, sisi hatukubaliani nalo, tukijua vyema kuwa wako wanachama humu wafanyao hivyo.

Mwisho, sheria. Katika Tanzania kuwinda ni kwa leseni, kwa mujibu wa Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009, na kuwinda usiku, kutega nyaya, mashimo na sumu kumekatazwa. Kenya ilikataza uwindaji wa burudani tangu mwaka 1977. Kumlinda mtu au mali ni jambo lingine, lakini mnyama akiuawa kwa sababu hiyo habari ipelekwe mara moja kwa Afisa Wanyamapori. Yako malipo yaitwayo kifuta jasho kwa aliyeharibiwa mazao na wanyama wakali, na kifuta machozi kwa aliyejeruhiwa au kufiwa. Hapo ndipo kalamu yetu inapohitajika: jirani asiyejua kuandika hukosa haki yake kwa kuwa barua ilichelewa, au haikutaja siku, mahali na shahidi. Kila mwanachama aliye shambani na amwandikie jirani yake siku ile ile.

Bwana Mwenyekiti, tumeleta kamba mbili, nene na nyembamba. Mwenye kutaka kuona fundo lile linavyofungwa na abaki baada ya mkutano. Nguzo ya baraza inatosha kulijaribia.